Kiu ya Mke wa Mlinzi

Nilipoambiwa nina sukari nilikuwa katika mwaka wangu wa saba wa kulinda ghala la vifaa vya ujenzi pale Kerege. Saruji, nondo, mabati, marumaru. Kazi ilikuwa ya zamu, ila zamu zenyewe hazikuwa na mpango wa kutegemewa. Juma hili naingia usiku siku sita mfululizo, juma lijalo mchana siku mbili, halafu alasiri nimejilaza nyumbani Zinga, msimamizi anapiga simu: mwenzako ana udhuru, ingia lindo leo. Naingia. Mtu akikataa mara mbili, mara ya tatu haitwi.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kupimwa. Nilikuwa nimepungua, nyayo zinawaka kama nimekanyaga pilipili, na kila nikirudi kazini nakunywa maji kata kwa kata nikiwa nimesimama. Aliniangalia siku mbili tatu. Siku ya nne, nainama kufungua kamba za viatu, akaniambia, "Usivue. Tunakwenda hospitali."

Tukaenda Bagamoyo mjini. Muuguzi akanitoboa kidole, akaangalia mashine yake, akaniuliza kama sisimizi hujaa pale ninapokojoa. Nikamwambia ndiyo, nyuma ya ghala wamefanya njia. Akatikisa kichwa, akanielekeza kwa daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, ana haraka ya watu waliopanga foleni nje. Akaandika vidonge vya aina mbili. "Utameza asubuhi na jioni, baada ya kula," akasema. "Na ule kwa wakati, usiruke mlo."

Mimi nikaitikia. Mke wangu hakuitikia. "Samahani daktari," akasema, "ni asubuhi yake au asubuhi yetu?"

Yule binti akainua macho.

"Huyu anarudi nyumbani saa moja asubuhi, ndipo anapolala. Anaamka alasiri. Kwake yeye asubuhi ni alasiri, na mchana wake ni saa sita za usiku. Na juma lijalo anaweza akageuzwa akawa kama sisi. Sasa hivyo vidonge nimpe lini?"

Daktari akaweka kalamu mezani. Akavuta karatasi mpya akaanza kumuuliza mke wangu, si mimi: anakula nini akitoka nyumbani, anakula nini huko lindoni, analala saa ngapi. Mke wangu akajibu yote. Mengine sikujua kama anayajua. Alijua kwamba usiku nilikuwa nikinunua chapati na soda kwa mama mmoja anayeuzia madereva wa malori, nami sikuwahi kumwambia.

Siku ileile alinunua daftari la shule. Akaligawa sehemu mbili kwa rula, akaandika juu kwa herufi zake kubwa za darasa la saba: JUMA LA USIKU, na upande wa pili, JUMA LA MCHANA. Chini yake saa za kula, saa za vidonge, na nafasi ya kuandika namba. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ameolewa Dar na anashona nguo huko. Yeye ndiye aliyetuletea mashine ya kupimia. Ilikuja na vijiti vyake kwenye kopo. Kopo likiisha lazima binti atume jingine, maana Zinga hakukuwa na pa kulipata, kwa hiyo mke wangu alivitunza vile vijiti kama mbegu. Kimoja kwa siku, wala si zaidi. Narudi kutoka lindoni, nanawa mikono, nakaa kwenye kibao cha jikoni, nampa kidole. Alikuwa na mkono mwepesi. Ananitoboa huku ananiuliza habari za usiku, na kabla sijajibu tayari damu imeshafika kwenye mashine.

Jikoni alibadilisha kila kitu. Sembe ikatoka, likaingia dona. Tembele, kisamvu kisicho na nazi nyingi, choroko, samaki wa kuchoma. Chai ya rangi yenye tangawizi kidogo, bila sukari, na yeye mwenyewe akainywa hivyohivyo. Nilimwambia atie sukari kwenye kikombe chake, yeye haumwi. Akasema, "Nikitia mimi utaisikia harufu, utaitamani."

Kazini nilikwenda na bakuli lenye mfuniko, limefungwa kwenye kanga kuukuu. Nakiri kwamba miezi ya mwanzo sikuwa mwaminifu. Usiku mrefu una njaa yake, si njaa ya tumbo. Kufika saa tisa mwili unataka kitu kitamu ili macho yasifumbe. Nilimpa mwenzangu wa lindo lile bakuli, mimi nikanunua soda. Asubuhi namba inapanda, mke wangu anaiandika, anaiangalia, ananiangalia mimi. Hakuwahi kuniuliza. Akifunga daftari anasema, "Leo imekataa. Kesho itakubali."

Usiku mmoja nilimeza vidonge kama kawaida, nikafungua bakuli, na kabla sijatia tonge mdomoni likaingia lori la saruji. Tukafungua geti, tukahesabu mifuko pamoja na wapakuzi hadi saa saba. Nikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, maneno yakawa mazito mdomoni. Mwenzangu akadhani nimekunywa pombe, nami sijawahi kuinywa maishani mwangu. Nilikaa chini kwenye mifuko, ninachokumbuka baada ya hapo ni yeye amenishika taya ananinywesha soda, ileile soda ambayo nilikatazwa, na safari hii ndiyo iliyoniokoa. Asubuhi msimamizi akaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba nimekutwa nimelala lindoni. Sikumwambia habari ya sukari. Mlinzi mgonjwa hana kazi.

Lakini mke wangu nilimwambia. Alisikiliza akiwa anachambua mchicha, mikono ikasimama.

"Acha lindo la usiku," akasema.

"Nikimaliza kupaua."

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vyenye bati na kimoja kilicho wazi, mvua inanyesha ndani. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitaacha kazi mpaka chumba kile kiezekwe, ili binti na wajukuu wakija wasilale sebuleni. Baadaye alilirudia neno lile mara mbili, tena kwa upole, na mara zote mbili nikamjibu vilevile.

Tangu usiku ule wa lori akaanza kunipigia simu. Saa mbili usiku mara moja, na saa nane usiku mara ya pili. Simu inaita, nikipokea hasalimu. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Namtajia. Akiridhika anakata. Kuanzia hapo nilikula chakula chake kweli, maana kumdanganya mtu aliyekatiza usingizi wake kwa ajili yako ni jambo gumu. Mara moja nilimwambia, "Pole, unakosa usingizi kwa sababu yangu." Akasema, "Wala. Mimi muda huo niko macho tu."

Sikumuuliza kwa nini yuko macho.

Nimeyapima maneno yale mara nyingi sana tangu wakati huo. Mtu asiye na kazi ya usiku, aliyechoka kwa kulima shamba la mihogo na kuchota maji mchana kutwa, kwa nini awe macho saa nane usiku kila siku? Lau ningekuwa nalala naye kitandani ningejua. Ningemsikia akiinuka, akivaa kandambili, akitoka kwenda uani, akirudi, akiinua kata ya maji, kisha baada ya saa moja akiinuka tena. Mume yeyote anayelala nyumbani kwake angeyasikia hayo kabla ya mwezi kwisha. Mimi wakati huo nilikuwa Kerege nalinda saruji ya watu, na nilipolala mimi ilikuwa mchana, yeye yuko shambani au kisimani.

Ikaja Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga kwa sababu ya vidonge na lindo. Niliona haya sana. Nilikuwa sijawahi kula mchana wa Ramadhani tangu nilipobaleghe, na mke wangu alinifichia heshima: akanifungia chakula chumbani, akafunga mlango, akakaa nje kwenye mkeka ili jirani akija asinikute natafuna. Yeye alifunga. Mwaka ule ulimtesa. Alasiri namkuta amelala sakafuni, shavu amelilaza kwenye saruji kutafuta ubaridi, midomo imepasuka.

"Vipi, mwenzangu?"

"Kiu," akasema. "Mwaka huu kiu imenizidi. Nadhani ni uzee."

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Nikamwambia jua la mwaka huu ni kali kweli. Ndivyo nilivyosema, mimi niliyekuwa na ugonjwa wa kiu ndani ya mwili wangu.

Magharibi adhana ikitoka hakuanza na tende wala uji. Alianza na maji, birika zima. Kisha akanywa juisi ya ukwaju ambayo jirani ameleta, tamu, bilauri tatu. Nilifurahi kumwona anajiburudisha, kwa sababu mwaka mzima alikuwa amejinyima utamu kwa ajili yangu.

Baada ya Idi ukaja msimu wa harusi. Alitoa gauni lake la dira, akalivaa, likaning'inia. Ikabidi alipunguze ubavuni kwa sindano. Wanawake wenzake walimsifu. Nilikuwepo barazani mmoja alipomwambia, "Shoga, umekuwa mwali. Tupe na sisi hiyo dawa." Akacheka, akasema, "Ni chakula cha mgonjwa wangu. Njooni mle dona na tembele." Nami nikacheka. Nilimwona amependeza, na nilijisikia kwamba ugonjwa wangu umeleta kheri fulani nyumbani.

Kisha sisimizi. Choo chetu kiko uani, cha sakafu ya saruji, na pembeni pana sehemu ya kuogea na kujisaidia haja ndogo. Asubuhi moja nikaingia nikakuta sisimizi wamejaa, weusi, wamefanya mstari toka ukutani. Nikaona aibu. Nikajua ni mimi. Nikachukua majivu jikoni nikamwaga, nikasugua, nikajiapia kupunguza tende. Kesho yake wakarudi. Juma lile nilikuwa nafanya usiku siku sita. Nilikojoa Kerege usiku kucha, na nyumbani labda mara moja mchana, na namba zangu kwenye daftari zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote. Hesabu hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu, sikuifanya. Katika nyumba yetu mwenye sukari alikuwa anajulikana, ni mimi. Alikuwa mmoja, na nafasi yake ilishachukuliwa.

Jipu lilimtoka pajani. Alinificha kwa siku kadhaa, halafu nikamwona anachechemea. Alisema ni kitu kidogo, analikanda kwa maji ya moto na chumvi. Alinunua vidonge dukani. Usiku wa mwisho wa juma lile hakunipigia saa nane. Nilimpigia mimi. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikajiambia hatimaye leo amepata usingizi, nikafurahi kwa ajili yake. Nikafungua bakuli nikala maharage yaliyopoa.

Nilirudi saa moja na nusu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Jikoni hapakuwa na moto. Nikamkuta kitandani, mwili moto, ngozi kavu, ulimi umemkauka umekuwa kama ganda. Kando ya kitanda pana ndoo ya maji aliyoivuta mwenyewe karibu, imebaki na maji ya chini kabisa. Alinitazama kwa muda mrefu kisha akaniita kwa jina la kaka yake.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula."

"Mpe na mama."

Mama yake yuko Mkange, safari ya karibu kutwa nzima. Nikajua ni homa imempanda kichwani. Malaria, nikasema. Nikakimbia barabarani nikaleta bajaji, tukambeba mimi na dereva, tukampakia na kanga yake. Njia nzima nilimshika kichwa. Alikuwa akihema kwa nguvu, na kila dakika chache akitaka maji. Nilikuwa nimebeba chupa ya soda ya machungwa kwa ajili yangu, kwa tahadhari ya kutetemeka. Nikamnywesha hiyo.

Hospitalini wakampokea haraka. Muuguzi, mwanamke wa makamo, akanitupia maswali huku mikono yake inafanya kazi: homa tangu lini, ametapika, amekunywa dawa gani. Kisha akauliza, "Ana sukari?"

"Hapana," nikasema. "Mwenye sukari ni mimi."

Alikuwa ameshamtoboa kidole. Nilisogea nikatazama kwa mazoea tu, kama nilivyokuwa nikitazama yangu. Kioo hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili, ambazo mimi nilizijua kutoka kwenye karatasi iliyokuja na mashine yetu: sukari imepanda hata mashine imeshindwa kuihesabu. Muuguzi akaniangalia usoni. Hakunilaumu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, kaa hapo kwenye benchi."

Nilikaa. Nilikuwa bado nimevaa sare ya lindo, kirungu kiunoni.

Alikaa siku mbili bila kurudiwa na fahamu vizuri. Walimwekea maji ya dripu, wakamchoma sindano za kushusha sukari, wakamkamua lile jipu ambalo lilikuwa limekwenda ndani sana. Madaktari walijitahidi, siwezi kusema vingine. Binti yetu alifika jioni ya siku ya kwanza. Alimbusu mama yake, akazungumza na daktari nje ya wodi, akarudi akasimama mbele yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanasema ni sukari. Wanasema amekuwa nayo muda mrefu."

"Ndiyo."

"Mashine niliwaletea."

"Ndiyo."

"Hukumpima hata siku moja?"

Nilitaka kumwambia kuhusu vijiti, kwamba mama yake ndiye aliyevitunza, kwamba hata ningemwambia atoe kidole angenikatalia asipoteze kijiti. Yote yalikuwa kweli. Lakini swali lilikuwa kama nilimpima, na jibu lake lilikuwa fupi.

"Hapana," nikasema.

Akakaa mwisho mwingine wa lile benchi. Alilia bila sauti, kanga mdomoni, na sikuthubutu kumsogelea.

Mke wangu alifariki alfajiri ya siku ya tatu. Innalillahi wa inna ilayhi rajiuun. Tulimrudisha Zinga, wanawake wakamwosha, akaswaliwa baada ya adhuhuri, tukamzika. Wenzangu wa lindo walikuja, na msimamizi alikuja, akanishika mkono akaniambia nipumzike siku saba, kisha akaongeza kwamba nikirudi atanipa zamu ya mchana ya kudumu. Nilikuwa nimeiomba zamu hiyo zamani, kimoyomoyo, bila kufungua kinywa. Kumbe ilikuwepo. Ilihitaji kuombwa tu.

Matanga yalipokwisha nilichukua lile daftari. Lilikuwa la nne kufikia hapo. Nilitafuta kama kuna mahali ameandika jambo lake mwenyewe, hata neno moja, kwamba anaumwa kichwa, kwamba haoni vizuri. Hakuna. Namba zote zangu. Lakini nilipofunua kurasa za miezi ya mwisho niliona mwandiko umebadilika. Herufi zimekuwa kubwa, zimetoka nje ya mistari, saba imekaa juu ya nane, na juma moja zima aliandika kwenye ukurasa ambao tayari ulikuwa umeandikwa. Macho yalikuwa yanamwondoka. Alikuwa akinitoboa kidole kwa kupapasa, ndiyo maana siku zile alikuwa akinishika kidole kwa nguvu kabla ya kuchoma. Na mimi nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi pia.

Baada ya arobaini nilikwenda Mkange kumwona mama mkwe. Hakuweza kuja mazikoni kwa sababu ya miguu. Nilikwenda kumwambia ukweli, kwa maana nilijua wengine wamemwambia ni jipu na homa, nami sikutaka aishi na habari pungufu. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba ndani, dirisha limefungwa. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote bila kujitetea: kiu ya Ramadhani, gauni, sisimizi, simu za saa nane.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba yake alikufa na kiu."

Sikuelewa.

"Baba yake, na shangazi yake mmoja. Wanakunywa maji wanakonda, wanakunywa wanakonda, halafu wanapotea akili wanakufa. Sisi tulisema ni kitu cha ukoo. Tulitambika. Hakuna aliyetuambia kina jina."

"Mama, yeye alijua?"

"Alikuwa mdogo. Labda alijua kama anavyojua mtoto." Akavuta shuka magotini. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Lakini usiniambie kwamba ni kudura peke yake. Kudura ipo, na wewe ulikuwepo."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Yalikuwa maneno ya haki kuliko yote niliyoambiwa tangu msiba. Watu wengine walinipa pole wakaniondolea kila kitu mabegani, nami nikabaki sina mahali pa kukiweka nilichokuwa nacho.

Nilikuwa na mashine kwenye mfuko, kwa ajili yangu. Nikamwomba ruhusa. Yeye mwenyewe alikataa, alisema kidole chake kimeshafanya kazi ya kutosha duniani. Lakini aliwaita wanawe. Shemeji zangu watatu wakaja, wakanawa, wakanipa vidole mmoja mmoja. Mikono yangu ni mizito, niliwaumiza. Wawili walikuwa salama. Wa tatu, yule kaka ambaye mke wangu aliniita kwa jina lake asubuhi ile, namba yake ilikuwa kubwa. Aliiangalia akatabasamu kwa wasiwasi, akauliza kama mashine yangu ni nzima. Nikampima tena kwa kijiti kingine. Ilikuwa nzima. Kesho yake nikapanda naye gari mpaka Bagamoyo, nikakaa naye kwenye foleni.

Binti yangu nilimpima nilipokwenda kwake Dar. Alinipa kidole akiwa ameangalia pembeni. Yake ilikuwa sawa. Akasema, "Alhamdulillah," akaenda jikoni, na kutoka huko akaniuliza kama nitakula dona au ndizi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini kuniuliza jambo ambalo halihusu mama yake. Hatujarudi kama zamani. Anapiga simu Ijumaa baada ya swala, tunaongea dakika chache, wajukuu wananiamkia, tunaagana.

Sikuchukua ile zamu ya mchana. Nilirudi siku moja, nikarudisha sare na kirungu, nikaaga. Sasa nalima mboga pembeni ya nyumba na kuziuza kwenye kituo barabarani, nalala saa tatu usiku, naamka alfajiri na watu wote. Kile chumba hakijaezekwa. Nimepanda mchicha ndani yake, unapata mvua na jua. Mwaka wa kwanza usingizi ulinikataa. Saa nane nilikuwa nafumbua macho, nasikiliza. Siku hizi nalala hadi asubuhi.

Na sukari yangu imetulia. Nakula kwa saa zilezile kila siku, nameza vidonge asubuhi ambayo ni asubuhi kweli na jioni ambayo ni jioni kweli, na namba inakaa palepale mwezi hadi mwezi. Mwezi uliopita yule daktari binti, ambaye sasa amenenepa kidogo na hana haraka kama zamani, aliangalia kadi yangu akafurahi.

"Mzee, umefanyaje?" akaniuliza. "Uwaeleze na wenzako."

Nikamwambia nimeacha kazi ya usiku.

"Basi ungeiacha mapema," akasema, huku akiandika dawa za mwezi mwingine.